Toleo maalumu: lebo ya gitaa inaahidi nini?

Ukichungulia gitaa la mbao kupitia tundu la sauti, utaona karatasi ndogo imegundishwa kwenye ubao wa mgongo. Kwa kawaida hutaja kampuni, modeli na nchi lilikotengenezwa. Katika magitaa ya bei ghali huongezwa maneno mawili yenye uwezo wa kupandisha bei mara dufu: toleo maalumu. Mpiga gitaa wa Isiolo anayeagiza chombo chake Nairobi, au anayemtegemea ndugu aliye ng'ambo, anapaswa kujua maneno hayo yametoka wapi na yana uzito gani.

Katika Afrika, mojawapo ya lebo zenye historia ndefu ilikuwa ndani ya gitaa la bei nafuu. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza magitaa kwa jina la Gallotone, na lebo ya modeli ya Champion ilimhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka. Gitaa la aina hiyo lilifika hata Liverpool, mikononi mwa kijana John Lennon, baadaye wa Beatles, mwaka 1957, na mwaka 1999 likauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 100,000. Jina hilohilo la Gallotone ndilo lililosomeka kwenye santuri za mpiga gitaa wa Kongo Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Baadaye Mwenda alifika Nairobi, na upigaji wake wa vidole ukawafunza wapigaji wengi wa Kenya.

Ahadi ya Gallotone ilikuwa na msingi. Gitaa hilo lilikuwa la plaiwudi, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa kwa kupishanisha nyuzinyuzi zake, na plaiwudi haipasuki kwa urahisi. Magitaa ya kifahari hutengenezwa kwa mbao nzima, kwa kuwa ndizo zenye mlio mzito na wa kina. Lakini mbao nzima hunywa unyevu na kuupoteza. Watengenezaji hupendekeza hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na mchana wa kiangazi Isiolo huwa mkavu kuliko hapo. Dalili huanza shingoni: ubao husinyaa, ncha za vyuma vinavyotenganisha noti huchomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Kisha ubao wa mbele hudidimia, nyuzi hushuka na kuanza kugonga vyuma. Mwishowe ufa huonekana, mara nyingi karibu na daraja linaloshika nyuzi. Gitaa la mamilioni linaweza kufa hapa huku la plaiwudi likiendelea kuongoza kwaya.

Nako Marekani, ufahari ulianza kwa oda za watu mashuhuri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lenye jina la mwimbaji Nick Lucas. Mwaka 1933 Gene Autry, mwimbaji na mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe, aliiagiza kampuni ya Martin imtengenezee gitaa kubwa lenye mapambo ya gamba la chaza na jina lake shingoni. Hilo ndilo gitaa la kwanza la modeli ya D-45. Hadi mwaka 1942 Martin ilikuwa imetengeneza 91 tu. Hakuna aliyeyaita toleo maalumu. Uchache wake ulitokana na bei na vita.

Uchache wa kupangwa ulikuja baadaye. Mwaka 1984, biashara ya magitaa ya mbao ikiwa imedorora, Martin ilianzisha mpango wa kutoa magitaa machache ya pekee. Mwaka 1995 ikatoa modeli ya 000-42EC, yenye jina la mpiga gitaa Eric Clapton. Yalitengenezwa 461, idadi iliyochukuliwa kwenye jina la albamu yake ya mwaka 1974, na kila lebo ilikuwa na namba na sahihi yake. Mwaka uliofuata ikaja 000-28EC, yenye jina la Clapton vilevile lakini isiyo na kikomo cha idadi. Jina ni moja, ahadi ni mbili. Kampuni ya Taylor nayo ilipozindua mfululizo wake wa Builder's Edition mwaka 2018, upekee ulikuwa katika umbo na ufundi: kingo zilizolainishwa ili mkono usichoke. Hapakuwa na ahadi ya uchache.

Sababu nyingine ya lebo hizo ni mbao, na hapa Afrika Mashariki ina neno. Rozwudi ya Brazil ilipigwa marufuku katika biashara ya kimataifa mwaka 1992 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na hadi leo gitaa lenye mbao hiyo huhitaji kibali kuvuka mpaka. Mafundi wakageukia ndugu zake, ukiwemo mpingo wetu. Mwaka 2017 jenasi yote ya Dalbergia, ya rozwudi na mpingo, iliwekewa masharti. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019, isipokuwa vyenye rozwudi ya Brazil.

Mpingo hukua polepole, ukihitaji miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Shina lake hupinda na mara nyingi huoza ndani. Kwa klarineti kipande chembamba kinatosha, lakini mgongo wa gitaa unataka mbao mbili pana zilizopasuliwa kutoka gogo moja na kufunguliwa kama kurasa za kitabu. Ndiyo maana kampuni kama Lowden ya Ireland ya Kaskazini huuweka mpingo kwenye magitaa yake ya juu kabisa. Wilayani Kilwa, Tanzania, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, ili mwanakijiji anayeutunza mti naye alipwe inavyostahili. Cheti cha namna hiyo kina maana kubwa kuliko wino wa dhahabu.

Hakuna sheria inayosema nini kiitwe toleo maalumu. Ni neno la mtengenezaji, na mnunuzi ana haki ya kulihoji. Uliza: yametengenezwa mangapi? Mbao ni ipi, na imetoka wapi? Jina au ufundi uliotajwa umebadilisha nini katika gitaa lenyewe? Kisha linganisha namba ya mfululizo na kumbukumbu za kampuni. Martin huichapa ndani ya gitaa tangu 1898. Ukilinunua la mbao nzima, lihifadhi ndani ya kasha pamoja na kifaa cha unyevu, hasa Isiolo. Na ikiwa lebo haijibu hata swali moja kati ya hayo, usiilipie. Lipia mlio unaousikia kwa masikio yako.