Fungate kwa Gari la Kukodi

Neno fungate ni kongwe kuliko hoteli zote za Zanzibar. Kabla Waswahili hawajazoea saba ya Kiarabu, hesabu yao ilikuwa na mfungate, na ndugu zao wa pwani bado wanalo neno hilo: Mgiriama akifika saba husema fungahe. Kwa hiyo fungate ni siku saba tu. Siku saba za maharusi kukaa ndani, wanapikiwa, wanahudumiwa, na hakuna wa kuwatuma hata dukani.

Mimi na mume wangu zetu tulizimalizia barabarani. Tulikodi kagari kadogo mjini Unguja, usukani kulia, watu wanaendesha kushoto kama Nairobi, ila hakuna matatu ya kukubana hadi mtaroni. Kwenye kizuizi cha polisi njia ya kaskazini, askari alisoma karatasi, akaona hina mikononi mwangu, akacheka. "Maharusi? Fungate gani hii ya kuzurura?" Mume wangu, mtu wa Kwale, akamjibu, "Afande, nyumba yetu ina magurudumu." Tukaruhusiwa.

Njia hiyo hupita Mtoni na Bububu, na ukishika upande wa pwani inakufikisha Mangapwani. Ni kilomita 20 na ushee tu kutoka mjini. Wageni huipita mbio wakiwahi ufuo wa Nungwi. Sisi tulikwenda polepole, na kadiri tulivyosimama ndivyo nilivyoona kwamba barabara hii ina historia ya jambo moja: nani aliruhusiwa kuchagua wa kulala naye.

Mtoni kuna magofu ya kasri la Sayyid Said, yule sultani aliyehama Muscat akaja kutawala kutoka Unguja. Hapo ndipo alipozaliwa binti yake Salme, mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa utumwani akiwa mtoto. Akawa suria, yaani mtumwa wa kike ambaye bwana wake anayo haki ya kumwingiza kitandani. Watoto wa suria walizaliwa huru na kurithi kama wengine. Majid na Barghash, ndugu wa Salme waliotawala kwa kupokezana, wote walizaliwa na masuria. Yaani ukoo mzima wa kifalme ulitoka kwa wanawake ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Salme mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kimya. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua Majid, Salme, wa miaka 15 tu, ndiye aliyemwandikia barua. Njama ilifeli, Barghash akahamishiwa Bombay, naye Salme akajitenga shambani kwa muda, hata Bububu akaishi.

Hapo Bububu utaambiwa jina linatokana na mlio wa treni. Ni kweli treni ilikuwepo: kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini hadi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, kabla ya reli hiyo kuwekwa. Stori tamu, tarehe zinaikataa.

Aliporudi mjini, nyumba yake ilipakana na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana. Mwaka 1866 akawa na mimba ya mtu asiye Mwislamu, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha. Agosti hiyo alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akaenda Aden. Alibatizwa Emily na kuolewa siku moja, 30 Mei 1867. Hakuwa na fungate kisiwani kwao. Miaka mitatu baadaye mumewe alifia Hamburg baada ya kuanguka kwenye tramu, akamwachia watoto watatu.

Nakiri hapo nilikuwa upande wake kabisa. Mjomba wangu hakuja harusini kwetu. Aliuliza dini ya huyu mwanamume kabla hajauliza jina lake, na akishajibiwa, la jina halikumhusu tena. Kwa hiyo msichana aliyevuka bahari kwa ajili ya mtu wa dini nyingine, huyo ni wangu.

Lakini kitabu hicho hicho kinatetea utumwa. Salme alikuwa na mashamba, na mashamba yalikuwa na watu. Mtumwa hakuweza kuoa wala kuolewa bila idhini ya bwana wake. Miongoni mwa wanawake walioishi kwenye mashamba yake lazima wapo waliopenda pia, na hakuna manowari iliyokuja kuwachukua.

Mangapwani tulishuka ngazi hadi kwenye chumba kilichochongwa chini ya ardhi, ndani ya jiwe la matumbawe. Mwaka 1873 mkataba na Waingereza ulifunga soko la watumwa mjini, na biashara ikahamia mafichoni. Hapa ndipo watu walipofichwa wakisubiri majahazi. Mume wangu, ambaye huwa na utani kwa kila kitu, alitoka bila neno na kwenda kukaa garini.

Halafu kuna tarehe ambayo sikuiona kwenye kibao chochote njiani. Aprili 1897, Sultani Hamoud alitoa amri kwamba mtumwa anaweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje. Amri iliwahesabu kama wake wa nyumbani, kwa hiyo suria hangeweza kuondoka hivi hivi, mpaka athibitishe kwamba ametendewa ukatili. Waingereza, waliokuwa ndio wenye nguvu kisiwani, hawakutaka kuwaudhi mabwana kwa kugusa vyumba vyao vya kulala. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1909. Miaka 12 mwanamume aliyevuna karafuu aliweza kuomba uhuru, na mwanamke aliyelala na mwenye shamba akaambiwa yeye tayari ni mke.

Leo kisiwa hiki kinauza mapenzi: maua juu ya kitanda, chakula cha jioni mchangani, picha za machweo. Sina ugomvi na hayo, hata mimi nilipigwa picha. Ila nikimfikiria Jilfidan, nakumbuka ofisi ya msajili wa ndoa Nairobi, foleni ndefu, feni mbovu, na afisa akiniuliza kwa sauti ya kuchoka kama nimekuja kwa hiari yangu. Siku ile niliona swali hilo ni urasmi tu. Nilijibu ndiyo bila kumwangalia, nikachukua kalamu.