Barua Kutoka Klondike

Mwezi Julai 1897 meli iitwayo Portland ilitia nanga Seattle, magharibi mwa Marekani, ikiwa na wachimbaji 68 na dhahabu yao. Gazeti la hapo liliandika kwamba imeleta tani nzima. Nchi ilikuwa katika dhiki tangu benki zilipoanguka mwaka 1893, kazi hazipatikani, madeni yamewaelemea wakulima. Habari ile ikawa kama moto kwenye nyasi kavu. Hata meya wa Seattle, W. D. Wood, aliacha umeya akaenda kutafuta utajiri.

Inakadiriwa watu 100,000 waliondoka makwao kuelekea mto Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Waliofika ni kati ya 30,000 na 40,000. Waliopata dhahabu hawazidi 4,000 hivi. Hesabu hizo tatu zinatosha kueleza mengi, lakini habari ninayotaka kuisimulia ni ya barua, maana kila aliyeondoka aliacha watu nyumbani wanaosubiri neno lake.

Barua za mwanzo ziliandikwa kabla mtu hajaona hata punje. Wafanyabiashara wa Seattle walitaka wasafiri wote wapitie mji wao, wanunue unga, maharage, mahema na sepetu humo. Wakampa kazi hiyo mwandishi wa habari Erastus Brainerd. Mbali na matangazo, Brainerd aliwahimiza wageni mjini waandikie magazeti ya kwao na jamaa zao kuisifu Seattle. Maneno aliwaandalia yeye, na stempu zikalipwa. Huko kijijini watu wakasoma, wakaona jina la kijana wao chini ya karatasi, wakaamini. Nani angetilia shaka barua ya mtoto aliyekulia mikononi mwake? Kwa maoni yangu huu ulikuwa ujanja mbaya kuliko tangazo lolote la uongo, kwa sababu tangazo mtu analijua kuwa ni tangazo.

Barua za njiani zilikuwa za kweli zaidi. Polisi wa Kanada, wakihofia njaa, hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vifaa, mzigo wa mtu mmoja ulifika karibu kilo 900. Kwenye mlima wa Chilkoot mzigo huo ulipandishwa mgongoni, kwa ngazi 1,500 hivi zilizochongwa kwenye barafu. Piga hesabu: ukibeba kilo 30 kwa mara moja, utapanda na kushuka mara 30. Tarehe 3 Aprili 1898 theluji iliporomoka kwenye njia hiyo ikaua watu zaidi ya 60. Njia ya jirani, White Pass, iliua farasi wapatao 3,000.

Waliovuka walipasua mbao wakaunda mashua, wakasubiri barafu iyeyuke. Afisa wa polisi Sam Steele aliamuru kila mashua ipewe namba na majina ya waliomo yaandikwe, ili mtu akizama mtoni, ijulikane ni nani. Mashua zaidi ya 7,000 ziliandikishwa. Katika mkasa mzima huu, daftari hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote.

Walipofika Dawson kiangazi cha 1898 wakakuta mambo yamekwisha. Dhahabu ilikuwa imeonekana Agosti 1896, na George Carmack pamoja na ndugu wa mkewe, Skookum Jim na Dawson Charlie. Vijito vyenye utajiri vilikuwa vimegawanywa vitalu muda mrefu kabla wengi hawajafunga hata mizigo. Mtu ameuza ng'ombe, amekopa kwa mjomba, ametembea mwaka mzima, na sasa anaambiwa aombe kibarua katika kitalu cha mwenzake.

Sasa huyo aandike nini?

Posta yenyewe ilikuwa adha. Mto Yukon huganda kuanzia Oktoba hivi hadi Mei, na wakati huo barua zilivutwa na mbwa kwa zaidi ya kilomita 900 hadi baharini. Kupokea barua Dawson kulimaanisha foleni ndefu mno, na wenye pesa waliwalipa wengine wawasimamie. Wapo waliosimama hivyo wakaambiwa hakuna kitu chao. Wapo pia waliopokea lakini hawakujibu. Aliyefilisika huona haya, na haya huziba mdomo. Mwaka 1899 habari za dhahabu ya Nome, Alaska, zilipofika, maelfu waliihama Dawson upesi wakaelekea huko badala ya kurudi kwao mikono mitupu.

Mwandishi Jack London alikuwa mmoja wa waliokwenda. Alipatwa na kiseyeye, akarudi mwaka 1898 karibu bila dhahabu yoyote. Baba yake wa kambo, John London, alikuwa amefariki Oktoba 1897, yeye akiwa huko mbali.

Na tusisahau wenyeji. Watu wa Tr'ondëk Hwëch'in walikuwa na kambi yao ya uvuvi pale pale mto Klondike unapoingia Yukon. Kiongozi wao, Chief Isaac, aliwahamishia Moosehide, kilomita chache chini ya mto, kuwaepusha na fujo za mji. Waliopotezewa makao na dhahabu ile hawakuwa na safari ya kuisimulia.

Kwetu hakuna theluji, lakini kila ukoo una mtu anayesemwa "amepotelea machimboni". Wengine hawako machimboni, wako mjini au ng'ambo. Simu wanazo. Wamenyamaza kwa sababu mara ya mwisho waliahidi bati za paa au ada ya mdogo wao, na hawakuzipata. Na sisi wa nyumbani tumechangia ukimya huo, kwa kuuliza "umetuma nini?" kabla ya kuuliza "u hali gani?"

Fomu ya mchango iliyomo katika kijitabu hiki ina mistari mitano chini ya nafasi ya kiasi. Ni ya habari zako: uko wapi, u mzima, una watoto wangapi, nani apewe taarifa ukipatwa na jambo. Ndugu usiye na chochote cha kutoa mwaka huu, jaza mistari hiyo tu, kisha uirudishe kwa katibu. Jina lako litaandikwa daftarini kama la wengine.