Kompyuta zilivyofika madarasani Bungoma na Kitale

Kabla ya kompyuta kulikuwa na redio. Kwa miongo mingi, vipindi vya shule vilivyoandaliwa Nairobi vilisikika hata kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na mwalimu aliyekuwa na betri nzima alikuwa na msaidizi.

Kompyuta zilikuja polepole. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kukarabati mashine zilizokwishatumika na kuzipeleka shuleni. Mwaka uliofuata NEPAD, mpango wa maendeleo wa nchi za Afrika, ilizindua shule zake za kielektroniki mjini Durban. Kenya ilichagua sita, na ya karibu zaidi na Bungoma ilikuwa Chavakali, kaunti ya Vihiga.

Hatua kubwa ilitokana na mpango wa serikali wa kufufua uchumi, ulioanza 2009. Ulilenga kupeleka kompyuta kwa shule 5 za upili katika kila moja ya maeneo bunge 210 ya wakati huo. Bungoma ilikuwa na maeneo 6, Trans Nzoia, kaunti ulipo mji wa Kitale, 3: jumla shule 45. Ni chache mno kwa eneo lenye watu wengi hivyo, na shule isiyo na stima haikuweza kuwasha kompyuta hizo.

Machi 2020 korona ilifunga shule zote. Masomo yakahamia redio, runinga na simu. Mtoto wa Kimilili, kaunti ya Bungoma, asiye na simu nyumbani aliachwa nyuma.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wa mtaala mpya waliingia shule za upili. Ili nao wasiachwe nyuma, serikali za kaunti na wazazi waanze na umeme na mafunzo ya walimu, kisha wanunue mashine.