Pijo, kutu na magadi

Wiki hii tuache programu kidogo, wasomaji wangu. Hapa Buruburu kuna Peugeot 504 ya marehemu baba. Sakafu imeliwa na kutu, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshaipima kwa macho. Haipati ng'o! Marekani wana Mustang, sisi tuna Pijo. Ndiyo 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa usukani, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas (yake ilikuwa kupe ya V6, si kama hii yetu). Kisha ikawa matatu ya masafa marefu.

Bati la sakafu nitanunua kwa jua kali, Kamukunji. Vipande vidogo natoa kutu kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, chaja ya betri na magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, kwa hiyo malighafi ni ya kwetu kabisa. Waya hasi funga kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma kikuukuu. Usitumie chuma cha pua, hutoa sumu ya kromiamu. Fanyia nje, maana hidrojeni hulipuka.

Bawaba za milango zimetoka nyeusi. Nimezisugua kwa brashi ya waya zikang'aa, nikazipaka rangi ya kwanza siku hiyo hiyo kabla kutu haijarudi. Jumamosi ni zamu ya sakafu.