Draiva ya sauti inapogoma kuanza katika kipakatalishi

KIPAKATALISHI kinapokosa sauti ghafla, wengi hukimbilia kwa fundi wakiamini kuwa spika zimeungua. Mara nyingi spika hazina hatia. Kilichogoma ni draiva, ile programu inayoziwasilisha amri za Windows kwa chipu ya sauti iliyo kwenye bodi ya kompyuta.

Ithibati hupatikana katika sehemu ya Windows iitwayo Device Manager. Kando ya jina la kifaa cha sauti huonekana alama ya mshangao yenye rangi ya manjano, na jina hilo likibofywa mara mbili hutokea ujumbe wenye nambari. Nambari 22 huonyesha kuwa kifaa kimezimwa kwa makusudi. 28 kwamba draiva haijawekwa kabisa. Nayo 10, kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Mteja anayeitaja nambari hiyo kwa fundi huenda akajiepusha na gharama ya bodi mpya asiyoihitaji.

Nambari 10 ndiyo yenye utata, kwa kuwa draiva ipo ila haifanyi kazi. Hatua ya kwanza ni kuwasha kompyuta upya, na hapa ndipo wengi hukosea. Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka wa 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa kwa njia ya kawaida hazizimiki kikamilifu: hali ya draiva huhifadhiwa kwenye diski ili ziwake haraka baadaye. Draiva iliyolala na kasoro huamka nayo. Inafaa kuchagua amri ya Restart, ambayo huanza kila kitu upya.

Alama ikisalia, ni vyema kufahamu kwamba tangu Intel ilipotoa kanuni za High Definition Audio mwaka wa 2004, sauti katika vipakatalishi vingi hutegemea sehemu mbili. Ya kwanza ni kidhibiti, kilicho ndani ya chipu kuu. Ya pili ni kodeki, chipu ndogo ya kampuni kama Realtek, inayogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme ya kuendesha spika. Kila moja ina draiva yake, na kodeki haiwezi kuanza kabla ya kidhibiti. Ndiyo maana mtu huweka draiva ya Realtek mara tatu bila mafanikio. Jeraha liko mguuni, dawa inapakwa kichwani.

Matatizo ya kidhibiti si ya kubuni. Mwaka wa 2021, Microsoft ililazimika kuzuia Windows 11 isifikie kompyuta zilizokuwa na matoleo fulani ya draiva ya Intel Smart Sound Technology, kwa sababu yalisababisha skrini ya bluu. Tiba ilikuwa toleo jipya la draiva hiyo.

Kwa hivyo draiva ya kidhibiti huwekwa kwanza, kisha ya kodeki, zote kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kipakatalishi chenyewe na kwa modeli ile ile. Draiva ya jumla yaweza kutoa sauti lakini maikrofoni ikabaki bubu. Ile ya zamani iondolewe pamoja na faili zake, la sivyo Windows huirejesha. Kama hitilafu ilianza baada ya masasisho, kurejea toleo la awali hutosha. Programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepukwe. Baadhi huleta draiva zisizofaa, nyingine hubeba virusi.

Kabla ya kulipia bodi, kuna jaribio moja lisilo na gharama: kuwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwa flashi, bila kugusa diski. Sauti ikisikika, chipu ni nzima. Isiposikika, huo si ushahidi kamili, kwani Linux nayo huhitaji draiva zake. Hata hivyo, adapta ndogo ya sauti ya USB hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya Windows, na bei yake haikaribii ya bodi.