Jinsi ya kuchagua vichaka vya ua visivyonyauka wakati wa baridi

KENYA haina majira ya theluji kama Ulaya, lakini mkazi wa Limuru, Kinangop au Molo anafahamu kwamba bustani yake hukabiliwa na baridi ya aina mbili kila mwaka. Ya kwanza ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda na jua kuadimika. Ya pili ni sakitu, ambayo huja hasa katika usiku mkavu usio na mawingu, aghalabu kati ya Desemba na Februari. Ni sakitu ya aina hiyo iliyounguza majani chai katika mashamba ya Kericho na Nandi Januari 2012.

Kichaka kinachovumilia kipupwe huenda kikateketezwa na sakitu. Ndiposa anayetaka ua wa kijani mwaka mzima hana budi kuanza kwa kuchunguza mahali, kisha achague mmea.

Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, ikawa nzito na kuteremka bondeni kama maji. Kwa sababu hiyo, boma lililo chini ya mteremko huumia zaidi kuliko lililo juu yake. Aidha, ua mnene uliopandwa kukingama mteremko, upande wa chini wa bustani, huizuia hewa hiyo isitoke. Inafaa kuacha pengo upande huo, kwa mfano penye lango.

Miongoni mwa vichaka vinavyostahimili hali hizi, kaiyaba ndiyo maarufu zaidi nyanda za juu. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Huvumilia ukame na sakitu isiyo kali, na miiba yake mirefu huzuia ng'ombe na wezi. Matunda yake ya manjano ni makali kwa uchachu, lakini hutengenezewa jamu. Kasoro yake ni kwamba hukua polepole na huhitaji kupogolewa mara kwa mara.

Mukawa, kama uitwavyo na Wagikuyu, au olamuriaki kwa Wamaasai, ni kichaka cha kienyeji chenye miiba, maua meupe yanayonukia na matunda matamu yanayoiva kuwa meusi. Kwa bustani ndogo, rozimeri hufaa kwa ua mfupi, mradi udongo usituamishe maji.

Saipresi, yenye asili ya Meksiko, hufunga ua mnene na kustahimili baridi. Hata hivyo, tangu 1990 miti hiyo imekuwa ikishambuliwa na vidukari walioingia nchini mwaka huo, ambao hukausha matawi. Isitoshe, ikikatwa hadi kwenye mbao kuukuu haichipuki tena. Bogenvilia na haibiskasi hupendeza Nairobi na Pwani, lakini machipukizi yao huungua kwa sakitu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni sumu. Malisho yanapopungua, mbuzi na ng'ombe huugeukia ua, kwa kuwa ndio pekee uliosalia na majani. Oleanda, ya maua ya waridi na hata ile ya maua ya manjano, ina sumu inayodhuru moyo wa mnyama na wa binadamu. Lantana huharibu ini la mifugo, na mbegu zake husambazwa na ndege hadi ikavamia malisho. Duranta, ambayo imepandwa kwa wingi mitaani Nairobi, ina matunda ya rangi ya machungwa yanayoweza kuwadhuru watoto. Nao utomvu wa mnyaa huchoma macho vibaya.

Hatari kubwa zaidi ni msunguti, ambao tangu jadi wawindaji wameutumia kutengeneza sumu ya mishale. Majani yake ya kijani kibichi na utomvu wake mweupe hufanana na ya mukawa. Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni miiba: mukawa unayo, msunguti hauna. Anayechimba miche msituni bila kuhakikisha tofauti hii anaweza kupanda sumu mlangoni pake. Ni salama zaidi kununua miche kwa mwenye kitalu anayeijua mimea yake.

Kuhusu upanzi, wakati bora ni mwanzo wa mvua ya masika, Machi au Aprili, ili mizizi ishike kabla ya kipupwe. Miche ya kaiyaba hupandwa kwa nafasi ya takriban sentimita 30. Upogoaji na mbolea yenye naitrojeni nyingi visitishwe majuma kadhaa kabla ya baridi, kwani huchochea machipukizi laini ambayo huungua kwanza.

Sakitu inapotarajiwa, udongo umwagiliwe maji mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu. Miche michanga ifunikwe kwa nyasi au magunia jioni na kufunuliwa asubuhi. Matawi yaliyoungua yasikatwe mara moja. Yaachwe yakinge yaliyo chini yake hadi msimu wa sakitu upite, ndipo yapogolewe. Yale ya vichaka vyenye sumu yasitupwe kamwe mahali mifugo inapofika, kwani hata yakikauka sumu yake hubaki.