Utambuzi wa hitilafu za kompyuta ya mezani

Utambuzi wa hitilafu katika kompyuta iliyoundwa nyumbani ni kazi ya kupunguza vipuri, si kununua vipya. Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, kilichothibitika ni kwamba volti 12 zinafika. Prosesa na RAM bado ni washukiwa. Fundi makini huchomoa waya wa umeme, huacha kipande kimoja cha RAM na kukikandamiza mpaka kibano kilie “tak”. Wapo wanaosema kubadilisha pawasaplai ni njia ya mkato. Labda, ila mashine ikiwaka hujui kama ubovu ulikuwa pawasaplai au kebo iliyolegea, ambayo nayo imechomekwa upya. Tena skrini nyeusi huenda isiwe ubovu kabisa: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina la modeli hazitoi picha bila kadi ya picha.